Fundi Anayekataa

Fundi aliinama, akaingiza kichwa ndani ya gari, akaigonga nguzo ya ubavuni kwa spana. Akaigonga tena. Kisha akatoka, akafuta mikono kwenye ovaroli na kusema, "Hii sikati."

Binamu yangu alicheka, akidhani mzee anatania. Tulikuwa tumekuja na mchoro. Nilikuwa nimeuchora mwenyewe usiku kucha kwenye daftari: kitanda nyuma, meko mgongoni mwa kiti cha dereva, mtungi wa gesi chini ya kitanda. Na dirisha. Hilo dirisha ndilo nililolipenda kuliko vyote, refu kama mtu aliyelala, ili mgeni akiamka asubuhi Kabianga aone chai ikiteremka mpaka mtoni akiwa bado amejifunika blanketi. Ili dirisha hilo liingie, nguzo moja ya ubavu wa gari ilibidi iondoke.

"Si tunalipa?" binamu akauliza.

"Mnalipa, ndiyo. Lakini hiyo ndiyo imeshika paa."

"Basi tutaongeza."

"Kijana yangu, hiyo ya kuongeza mpelekee fundi mwingine."

Tukaondoka tumenuna. Nimeandika insha hii kwa sababu ya lile jibu, na kwa sababu ilinichukua karibu mwezi mzima kuelewa kwa nini liliniuma hivyo.

Ngoja nieleze tulifikaje pale. Binamu ni dereva wa matatu, na kwa miaka sita amekuwa akipita kati ya Kericho na Kabianga akiona jambo lile lile. Wageni wanashuka kando ya barabara, Wazungu na siku hizi Wakenya wa Nairobi pia, wanapiga picha za chai, wanauliza maswali mawili matatu, halafu wanawasha gari kwenda Kisumu au Mara. Hawalali. Akaja kwangu na wazo: tununue gari la kulala, gari-nyumba, tuwe tunalikodisha. Yeye alikuwa na mkopo wa sacco. Mimi nilikuwa na laki tatu na nusu niliyoweka akiba kutokana na uandishi. Nitarudi kwenye huo uandishi.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa gari-nyumba lililotoka kiwandani likiwa kamili. Kuna mataifa ambayo yamefanya kazi hii muda mrefu. Volkswagen na kampuni ya Westfalia, kule Ujerumani, walikuwa wakitengeneza basi dogo lenye kitanda na kabati tangu 1951. Toyota wana chasisi inayoitwa Camroad, ambayo kazi yake hasa ni kubeba nyumba ya namna hii. Moja la Kijapani lilikuwa likiuzwa Nakuru na familia iliyokuwa ikihama nchi, tukaenda kuliona.

Kusema ukweli, niliingia nikitaka kulichukia na nikashindwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Droo zilijifunga zenyewe kwa kitasa kidogo ili gari likipiga kona vijiko visimwagike. Mtungi wa gesi ulikuwa na kabati lake peke yake, mlango wake ukifungukia nje, na sakafuni mwa kabati hilo palikuwa na tundu. Nikauliza tundu ni la nini. Mwenye gari akaniambia gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inateremka chini, kwa hiyo inatokea pale na kwenda zake badala ya kujaa ndani mkiwa mmelala. Karibu na mlango palikuwa na kibandiko kilichoonyesha uzito ambao gari halipaswi kuzidi, likiwa na watu na maji na mizigo yao yote. Mtu nisiyemjua, ambaye hajawahi kusikia jina la Kabianga, alikuwa amekaa na kufikiria namna ambavyo ningeweza kufa usingizini, akaizuia.

Bei ilikuwa milioni mbili na nusu. Lakini hata tungekuwa nazo, kulikuwa na mambo. Sehemu ya nyumba ilikuwa ya faiba, na huku kwetu mvua ya mawe si habari ya redioni. Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Muulize mkulima yeyote aliyewahi kuamka akute chai yake imechanwa kama imelishwa ng'ombe. Gari lenyewe lilikuwa chini mno kwa barabara zetu za murram. Na taa ya nyuma ikivunjika, unaagiza Japani na kungoja.

Njia ya pili ilikuwa kununua box, yaani Toyota HiAce iliyostaafu umatatu, tuitoe viti 14 na kumpa fundi aijenge tunavyotaka. Spea zake ziko kila mahali, Kericho, Litein, Kapsoit. Kila mekanika amelifungua na kulifunga hilo gari mpaka anaweza kufanya hivyo gizani. Lakini sababu yangu ya kuitaka njia hiyo haikuwa spea. Ilikuwa kogo, nyanya yangu.

Kogo alichuma chai kwenye shamba la kampuni miaka 31, na miaka hiyo yote aliishi kwenye nyumba za kampuni. Unazijua ukizipita: safu kwa safu, mlango kama mlango, paa kama paa. Nyumba ni ya kazi, na kazi ikiisha nyumba inakwenda kwa mwingine. Alikuwa akituambia kwamba hakuruhusiwa kupigilia msumari ukutani. Kalenda aliiegemeza kwenye dirisha. Alipostaafu, akajengewa nyumba ya udongo kwenye kipande cha ardhi cha babu, na siku ya kwanza, kabla ya kuingiza kitanda, aliomba nyundo. Akapigilia msumari mmoja, akatundika kalenda ya mwaka uliokuwa umeshapita, akaketi akiiangalia.

Nimekua na hadithi hiyo. Kwangu ikawa kama kanuni: kitu kilichotengenezwa tayari, kwa kipimo cha watu wote, si chako hata ukikilala miaka 31. Chako ni kile ulichosema kikae hivi, kikakaa. Hata nilipoacha chuo katika mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, nilijifariji na maneno hayo hayo. Niliwaambia wenzangu kwamba shahada ni nyumba ya kampuni, mimi nakwenda kujijengea. Sikumwambia mama hivyo. Mama alikuwa ametoa bonasi mbili za chai kwa hiyo karo, na mtu huwezi kumwambia kitu kama hicho usoni.

Kwa hiyo fundi aliposema "hii sikati", sikusikia habari ya nguzo. Nilisikia kampuni ikimkataza kogo msumari.

Tulimpata fundi mwingine. Huyu alikuwa kijana wa rika letu, mchangamfu, ana simu mbili. Aliuangalia mchoro kwa sekunde kumi hivi na kusema, "Hakuna shida, bosi." Dirisha? Hakuna shida. Mtungi chini ya kitanda? Hakuna shida. Binamu akauliza kama tunaweza kuongeza kitanda cha pili juu, cha kukunja, pamoja na tangi la maji la lita 200 kwenye paa. Hakuna shida, tena bei yake ilikuwa chini ya mzee kwa elfu arobaini. Tukapeana mikono. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeheshimiwa.

Usiku huo sikulala vizuri, na si kwamba nilikuwa na hekima yoyote. Ilikuwa hesabu tu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 200 ni kilo 200 juu ya paa ambalo tumelitolea nguzo. Na katika kaunti hii yetu ukianza kuwaza habari ya paa la gari, mawazo yanakupeleka Fort Ternan.

Asubuhi na mapema ya Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa limetoka Nairobi likielekea magharibi lilipoteza mwelekeo kwenye mteremko karibu na Fort Ternan, likaacha barabara na kubingirika. Zaidi ya watu 50 walikufa. Picha zilizotoka siku hiyo ndizo zilizobaki vichwani mwetu: basi halina paa. Paa lilikuwa limeng'oka, na chini ya mstari wa madirisha viti vikawa wazi kama vya gari la kuonyeshea mashindano. Nilikuwa bado kijana. Nakumbuka watu wazima wakibishana kuhusu dereva, mwendo, usiku na leseni, na yote hayo yalistahili kubishaniwa. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye alikuwa amefanya kazi gereji, alisema kitu kimoja tu: angependa kujua nani alichomelea.

Hapa kwetu mabasi mengi hayaji yakiwa mabasi. Inakuja chasisi yenye injini, mwenye pesa anaipeleka kwa wajenzi wa bodi, na bodi inajengwa kwa kipimo chake. Kwa maneno mengine, ni kazi ya oda, kama gari-nyumba letu. Sisemi kazi ya oda ni mbaya. Kuna mafundi Kenya hii ambao bodi zao ungependa kuwamo ajali ikitokea, kama ajali ni lazima itokee. Ndiyo maana kuna kiwango, KS 372, kinachoeleza bodi ya gari la abiria ijengwe vipi. Lakini fikiria mazungumzo ya pale gereji. Mwenye gari anataka safu moja zaidi ya viti. Anataka dirisha pana kwa sababu abiria wanapenda. Anataka chuma chepesi kidogo kwa sababu ni bei nafuu. Yeye ndiye mteja, na tumefundishwa kwamba mteja ni mfalme. Nani pale gereji ana uwezo wa kumwambia mfalme hapana?

Nikaona kwamba swali langu lilikuwa limekaa vibaya. Nilikuwa nauliza: kipi ni bora, cha kiwandani au cha fundi? Tofauti kubwa niliyoiona kati ya yale magari mawili, mkono na mashine havikuwamo. Gari la Nakuru lilikuwa limeshanikatalia mambo kabla sijafika. Huwezi kulala na mtungi, mlango wake unafungukia nje. Huwezi kuzidisha uzito bila kukipita kibandiko kinachokutazama. Kiwanda kinaweza kukukatalia kwa sababu hakikujui na hakikuhitaji wewe hasa. Kina sheria nyuma yake, kina wanunuzi wengine elfu. Fundi wangu mchangamfu hakuwa na wanunuzi elfu. Alikuwa na mimi na kodi ya mwisho wa mwezi. Ile "hakuna shida" yake, niliyoiona kuwa heshima, ilikuwa njaa.

Najua njaa hiyo kwa sababu nami ni fundi wa aina yake.

Nimesema laki tatu na nusu ilitoka kwenye uandishi. Baadhi ilikuwa ya makala halali. Nyingi haikuwa. Vijana wengi wa Kenya wenye laptopu na Kiingereza kizuri wanajua kazi ninayoizungumzia: insha za wanafunzi wa ng'ambo. Oda inaingia saa tatu usiku, inatakiwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye akaunti anachukua chake, wewe unapata shilingi 300 kwa ukurasa. Ni kazi ya oda kwelikweli. Kipimo cha mteja, mtindo wa mteja, hata makosa madogo ukiambiwa uyaweke ili mwalimu asishtuke, unayaweka. Nimeandika sosholojia, biashara, historia ya nchi ambazo sijafika. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 ya kuzuia biashara ya kuwauzia wanafunzi insha. Huku kwetu tuliisikia kama mtu anavyosikia kuwa mtaa wa pili umekatiwa stima.

Mwaka jana nilikuwa na mteja mmoja aliyekuwa akisomea uuguzi. Oda yake ya kwanza ilikuwa kuhusu namna ya kumfuatilia mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji: nini cha kupima, kila baada ya muda gani, ni dalili zipi zinamaanisha daktari aitwe sasa hivi. Niliandika vizuri, akapata alama ya juu, akarudi. Alirudi mara kumi na moja. Nilimwandikia karibu muhula mzima, na kila mara nilijibu maneno yale yale, kwa Kiingereza: hakuna shida.

Mimi nimeusahau ule ukurasa. Yeye hakuwahi kuujua. Kwa hiyo kuna wodi mahali fulani, na kitanda, na mtu amelala akiamini kwamba nesi aliyesimama juu yake alijifunza usiku ule jambo ambalo mimi nililiandika Kabianga saa nane za usiku nikinywa chai ya rangi. Ile ni nguzo, niliikata, na nililipwa.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza tulisomeshwa Plato kidogo. Katika Gorgias, Sokrate anamlinganisha daktari na mpishi wa vitamutamu. Anasema wakishtakiana mbele ya baraza la watoto, daktari hana la kujitetea, kwa sababu mpishi huwapa wanachopenda, naye huwapa dawa chungu na kuwachoma. Darasani tulicheka. Tulidhani watoto ni watu wengine. Sikujua kuwa miaka michache baadaye ningesimama kwenye gereji mjini Kericho na mchoro mkononi, nikimhukumu mzee kwa sababu ya dirisha.

Mtu atasema: wewe ukikataa, oda itakwenda kwa mwingine, na mgonjwa atabaki na nesi yule yule. Ni kweli. Nimeutumia huo utetezi mara nyingi, unaingia mdomoni kama chai. Lakini uangalie vizuri. Yule kijana mwenye simu mbili anaweza kuutumia pia: nisipokata mimi, atakata mwingine. Na tukiukubali kwake, basi hakuna aliyechomelea lile basi. Paa liling'oka lenyewe.

Mwingine atasema, na huyu ananisumbua zaidi, kwamba kukataa ni kwa walioshiba. Nimemchunguza yule mzee. Ana ekari moja na nusu ya chai, bonasi inamkuta kila mwaka. Ana ng'ombe wawili. Watoto wamemaliza shule. Anaweza kumwambia mteja aende kwa mwingine na usiku akala. Yule kijana hawezi. Mimi mwaka jana nisingeweza. Kwa hiyo sitaki kuandika hapa kwamba kijana ni mtu mbaya na mzee ni mtu mwema. Nadhani ndiyo kazi halisi ya kiwango kama KS 372, na ya mkaguzi ambaye lazima alione gari letu kabla ya NTSA kukubali kwamba aina ya bodi imebadilika: kumpa fundi mwenye njaa maneno ya kukataa ambayo hayatoki mfukoni mwake. "Ningekukatia bosi, lakini haitapita." Sheria ikifanya kazi, maskini naye anaweza kusema hapana. Mkaguzi akihongwa, kinachouzwa ni ile hapana ya kijana.

Na kogo na msumari wake? Nilienda kumsimulia yote, pamoja na habari za insha, nikitarajia atakuwa upande wangu angalau kwa dirisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ninakumbuka fundi aliyemjengea nyumba. Sikumkumbuka. Akasema alitaka mlango ukae upande wa bondeni, apate kuona watu wakipanda, na yule fundi akakataa, akamwambia upepo na mvua vinatoka huko. Walizozana siku mbili. "Mlango uko wapi?" akaniuliza. Mlango uko upande wa juu. Nimeupita maisha yangu yote. Msumari aliupigilia popote alipotaka, lakini mlango aliuacha pale fundi aliposema.

Tulirudi kwa mzee. Binamu ndiye aliyeomba msamaha, maana mimi mdomo ulikuwa mzito. Mzee hakutuambia neno, alichukua tu mchoro na kalamu ya risasi. Dirisha likawa mawili madogo, nguzo katikati. Mtungi ukapata kabati lake linalofungukia nje, na nilipomwambia habari ya tundu la sakafuni alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Tangi likawa la lita 60, likashuka chini kati ya magurudumu. Kitanda cha juu kikafa. Elfu arobaini tukalipa.

Gari bado liko pale kwake nikiandika haya, halina vioo, linangoja pesa ya awamu ya pili. Mama amesema anaweza kutukopesha kidogo bonasi ikitoka Oktoba, kisha akauliza, bila kunitazama, kama chuo bado kinapokea watu waliokatiza. Nikasema nitauliza. Sijauliza.

Mteja wa uuguzi aliandika tena mwezi uliopita: kurasa nane, kuhusu vipimo vya dawa kwa watoto. Niliandika "hapana", nikaifuta, nikaandika tena, nikatuma. Hakuuliza kwa nini. Baada ya dakika chache niliona oda ile ile imerudishwa kwenye orodha, na kabla sijafunga laptopu ilikuwa imechukuliwa. Kodi ya mwezi huo niliikopa kwa binamu.

Jumamosi nilipita gereji. Mzee hakuwepo. Niliingia ndani ya gari, nikalala sakafuni pale kitanda kitakapokuwa, nikageuza kichwa. Kwenye tundu la dirisha la kwanza niliona kipande cha chai. Kwenye la pili niliona kingine. Katikati yake, mahali ambapo ningependa kuona mto, kulikuwa na ile nguzo, na chapa mbili za spana yake zinang'aa kwenye rangi.